Mwasho wa Ziem na Mtani Aliyeapa Kutocheka

Siku ya pombe, ua wa Domitila ulijaa mapema. Domitila alikuwa mpishi wa pito, ile pombe ya mtama, na pito yake ilijulikana kijiji kizima cha Tangzu hadi ng'ambo ya mto. Kimea alikianika mwenyewe. Vyungu alivisugua mwenyewe. Pombe yake haikuwa chachu sana, wala haikuwa maji matupu. Watu walikunywa kwa vibuyu, wakapangusa midomo, wakasema, "Huyu mama ana mkono."

Mumewe, Ziem, alikuwa fundi wa marimba. Aliyachonga na aliyapiga. Kwa Wadagaaba, watu wa kabila lao, mtu hazikwi bila marimba kulia. Marimba huwaita watu msibani, humsifu marehemu, na huwaliza hata wale waliokuja na macho makavu. Ziem alipopiga, wanaume wazima walitafuta mahali pa kuficha nyuso zao. Domitila aliolewa naye kwa sababu ya mikono ile, na hakuona haya kusema hivyo mbele ya watu.

Lakini mikono ile sasa ilikuwa na kazi nyingine. Ilijikuna.

Ziem alijikuna asubuhi na mchana. Alijikuna akila, akajikuna akiongea. Mgongo aliusugua kwenye nguzo ya mlango hadi nguzo ikang'aa. Mahali ambapo mkono haukufika alipafikia kwa gunzi la mahindi. Ngozi ya miguu yake ilikuwa imepauka madoadoa. Kiunoni alikuwa na vinundu vigumu chini ya ngozi, kama mbegu zilizozikwa.

"Ziem," alisema jirani yao Gervasi siku hiyo, kibuyu mkononi. "Nguzo hiyo ikianguka tutajua nani ameila."

"Ikianguka itakuangukia wewe," alisema Ziem, "maana hutoki hapa."

Watu wakacheka. Gervasi akanywa, kisha akasema, "Wiki ijayo, baada ya siku ya soko, ni siku ya dawa ya usubi. Muuguzi amesema watu wote waje."

"Mimi simo," alisema Ziem.

"Kwa nini humo?"

"Simo tu. Dawa ile nimeshaijua."

Domitila akamimina pombe. Yeye alijua sababu.

Muuguzi wa zahanati ya Tangzu aliitwa Apoka. Alikuwa Mfrafra, mtu wa kabila jirani. Na Wadagaaba na Wafrafra ni watani, tangu mababu. Wanasema mababu hao waligombania kichwa cha mbwa kwenye supu, na ugomvi haujaisha hadi leo. Mdagaaba akikutana na Mfrafra humwita mtumwa wake. Mfrafra naye humwita vivyo hivyo. Hakuna kukasirika. Anayekasirika ameshindwa.

Apoka alikuwa bingwa wa utani. Mwanamke mfupi, sauti kubwa, ulimi usiokosa la kusema. Watu wa Tangzu walimpenda mno. Kwenye foleni ya zahanati wagonjwa walicheka hadi wakasahau maumivu.

Mwaka uliopita, siku ya dawa, Ziem alisimama mbele yake kupimwa. Dawa ya usubi hutolewa kwa urefu wa mtu. Apoka alikuwa na fimbo ndefu iliyopakwa rangi, na kila rangi ilikuwa na idadi yake ya vidonge.

"Simama vizuri, mtumwa wangu," alisema Apoka. "Meza hivi. Kesho utavimba uso kama kichwa cha mbwa. Utajikuna hadi marimba yako yakuonee huruma. Ukiona hivyo, njoo kwangu nikupe dawa ya kutuliza."

Foleni nzima ikacheka. Ziem naye akacheka. "Kichwa cha mbwa si ndicho mlichotuibia?" akasema. Akameza vidonge, akaenda zake.

Kesho yake akavimba uso. Macho yakawa nyufa mbili. Mwasho ukampanda kutoka miguuni hadi shingoni, na homa juu yake. Domitila alitaka kukimbilia zahanati. Ziem akamshika mkono.

"Usiende! Yule mwanamke akiniona hivi, ataniimba kila msiba mpaka nife. Hata nikifa ataniimba."

Basi akajifungia ndani. Akajikuna hadi akatoka damu. Na katika siku zile zile, mjomba wake, kaka wa mama yake, akafariki. Msiba wa mjomba hakuna Mdagaaba anayeukosa. Ziem hakuweza kukaa mbele ya marimba. Marimba yakapigwa na mtu mwingine, tena vibaya. Ziem alisikia kutoka kitandani kila kosa lililopigwa, na kila kosa lilimchoma. Tangu siku hiyo aliichukia dawa ya usubi.

Domitila angemwacha na hasira zake. Mtu mzima ana haki ya kununa. Lakini siku chache baada ya maneno ya Gervasi, aliona jambo lililomtia baridi.

Ziem alikuwa akitengeneza marimba mapya. Chini ya kila ubao wa marimba huning'inizwa kibuyu. Kibuyu hutobolewa tundu, na juu ya tundu hubandikwa utando mweupe wa buibui, mwepesi kuliko karatasi. Utando huo ndio unaoyapa marimba ule mlio wao wa kunguruma. Ni kazi ya jicho kali. Domitila alikuwa akipita na kuni, akaona mumewe amebandika utando pembeni mwa tundu. Akaubandua, akabandika tena. Pembeni tena.

"Mama Tekla," Ziem akasema bila kugeuka, akimwita mkewe kwa jina la mtoto wao. "Mbona umefunga mlango? Kuna giza humu."

Mlango ulikuwa wazi. Jua la mchana lilikuwa limejaa chumbani hadi ukutani.

Domitila aliweka kuni chini polepole. Alimkumbuka baba mkwe wake, mzee Bayuo, aliyekuwa na shamba zuri kando ya mto, pale kwenye mawe maji yanapokwenda mbio. Bayuo alijikuna miaka mingi. Kisha akaanza kusema kuna ukungu. Kisha akashika fimbo, akavutwa kwa fimbo hiyo hadi siku alipokufa. Shamba lile lile sasa analilima Ziem. Domitila aliogopa, akajua anachokiogopa.

Akafunga kitambaa kichwani, akaenda zahanati.

Apoka alikuwa anafua mashuka nje. Alipomwona, alifurahi.

"Karibu, mtumwa wangu! Umeleta pito au umeleta njaa?"

Domitila akakaa kwenye benchi. Hakujibu.

"Aa, nimejua. Umefuata harufu ya supu ya mbwa. Leo sijapika, rudi kesho."

Domitila akatazama chini.

"Au mumeo amekuuza? Amekuuza kwangu, na bei imenishinda?"

Kimya. Apoka akaacha kukamua shuka. Mtani asiyerudisha utani ni mgonjwa, au amefiwa. Akapangusa mikono, akaja akaketi karibu naye.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini ambayo Domitila hakuwahi kuisikia. "Kuna nini?"

Domitila akasema yote. Mwasho, uvimbe wa mwaka jana, msiba wa mjomba, utando wa buibui, mlango ulio wazi. Aliposema juu ya mlango, machozi yalimtoka.

Apoka alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Lakini mimi nilimwambia atavimba. Nilimwambia aje kwangu."

"Ulimwambia kwa utani, Apoka. Wewe ukituambia jua limewaka, sisi tunatazama juu kwanza."

"Hapo umenipata," akasema Apoka. "Neno la dawa nililitia kwenye mzaha, likaliwa na mzaha. Sasa nisikilize, leo sina mzaha."

Akaokota kijiti, akachora mto mavumbini.

"Wale inzi wadogo weusi wa mtoni unawajua?"

"Usubi? Wanatumaliza shambani."

"Wanazaliana kwenye maji yanayokwenda mbio. Usubi akimuuma mtu mwenye minyoo, anaondoka na watoto wa minyoo. Watoto hao wanakomaa kidogo ndani yake. Akimuuma mtu mwingine, anampandia. Minyoo mikubwa inakaa ndani ya vile vinundu vya kiunoni. Inazaa watoto wengi mno, wadogo kiasi kwamba jicho haliwaoni. Hao wanatembea chini ya ngozi. Huo ndio mwasho wa Ziem. Wengine wanaingia machoni. Hilo ndilo giza lake."

"Na dawa ya usubi?"

"Inawaua hao watoto. Sasa fikiria. Wako wengi, na wanakufa kwa wakati mmoja, ndani ya ngozi. Mwili unashtuka. Unatoa kitu katika damu kinacholeta mwasho na uvimbe. Mtu anapata homa, mitoki ya kinenani inamuuma. Basi anasema dawa imemdhuru. Kumbe dawa iko kazini. Mwenye minyoo mingi ndiye anayeteseka zaidi."

Domitila akafuta macho. "Kwa hiyo mwasho wa siku ile ulikuwa..."

"Ulikuwa msiba wa minyoo. Na mumeo, fundi mzima wa marimba, akaukimbia."

Domitila alikaribia kucheka. Akajizuia. "Na ile dawa ya kutuliza?"

"Inaitwa dawa ya mzio. Ni ile tunayompa mtu akiumwa na nyuki akavimba, au akila kitu kikamwasha. Inakizuia kile kitu ambacho mwili unakitoa ukishtuka. Mwasho unapungua, uvimbe unashuka, mtu analala."

"Sasa kama inaondoa mwasho, si anywe hiyo tu? Ile ya usubi aiache."

Apoka akampiga begani kwa furaha. "Umeuliza swali zuri. Wengi wanajikwaa hapo. Wananunua dawa ya mzio sokoni, mwasho unatulia, wanadhani wamepona. Dawa ya mzio haiui hata mnyoo mmoja. Tazama. Mbuzi ameingia shambani usiku. Mbwa wako anabweka. Ukimfunga mbwa mdomo, kelele zimekwisha. Je, mbuzi?"

"Anaendelea kula mtama."

"Ndiyo hivyo. Dawa ya usubi inamtoa mbuzi. Dawa ya mzio inamtuliza mbwa, mbuzi akishatolewa. Kila moja na kazi yake."

"Hata somo lako lina mbwa," alisema Domitila. "Nyinyi watu hamponi."

Apoka akapiga makofi. "Haya! Umerudisha! Sasa najua hutakufa leo."

"Na macho yake?" akauliza Domitila.

Apoka hakumdanganya. "Pale jicho lilipokwisha kuharibika, siwezi kuahidi kupatengeneza. Lakini akinywa dawa kila zamu, mwaka baada ya mwaka, tunazuia giza lisiendelee. Minyoo mikubwa inaishi miaka mingi, na inazaa tena. Ndiyo maana dawa hainywewi mara moja ikaisha. Na macho yapimwe hospitali ya wilaya. Mwambie asikawie."

"Atakataa. Anakuogopa wewe kuliko giza."

"Basi," alisema Apoka, "nitakuja mwenyewe."

Alikuja siku ya pombe iliyofuata. Ua ulikuwa umejaa. Apoka aliingia langoni, gauni lake jeupe likiwaka juani. Ziem aliinua kichwa, akakaza macho.

"Nani huyo?" aliuliza.

Gervasi alimgeukia Ziem kwa mshangao.

"Ni bwana wako," alisema Apoka. "Nimekuja kuhesabu watumwa wangu."

"Karibu, mjukuu wa wala mbwa!" Ziem akachangamka. "Hebu nikuulize. Kwa nini kwenu majina yote yanaanza na herufi A? Atanga, Azure, Apoka. Mlisoma herufi moja mkachoka?"

"Tulisoma zote. Tukawaachia nyinyi zilizobaki, kwa huruma."

Ua ukaangua kicheko. Domitila akampa Apoka kibuyu. Apoka akanywa, akakiweka chini.

"Ziem, nimesikia siku ya dawa huji."

"Siji. Mwaka jana ulinivimbisha."

"Ndiyo, ulivimba. Na mwaka huu usipokuja, najua nitakachofanya. Nitatafuta fimbo. Utashika mwisho mmoja, nitashika mwisho mwingine, nikuvute kama alivyovutwa mzee Bayuo. Nitakuzungusha masoko yote nikisema, tazameni mtumwa wangu, alikuwa na dawa mlangoni kwake, akaogopa kuchekwa."

Hakuna aliyecheka. Mtu mwingine yeyote angesema maneno hayo, angepigwa. Mkewe mwenyewe asingethubutu. Lakini mtani ana ruhusa ya kusema mbele ya watu lile ambalo ndugu wanalimeza. Ziem alikuwa amesimama karibu na nguzo yake, na mkono uliokuwa ukijikuna ukaacha.

"Nani alikwambia habari za macho yangu?"

"Mimi," alisema Domitila. Alisimama. "Baba Tekla, mlango haukuwa umefungwa siku ile. Ulikuwa wazi."

Ziem alimgeukia.

"Nisikilize," alisema Apoka. "Meza dawa. Utavimba tena, huenda kidogo, huenda sana. Safari hii usijifungie. Nitakuja na dawa ya mzio hapa hapa. Na mbele ya watu hawa naapa, nikicheka uvimbe wako, siku yoyote, nitakupa mbwa wangu."

Ziem akamtazama, au akatazama pale sauti ilipotoka.

"Mbwa?"

"Mbwa."

"Mfrafra atoe mbwa wake kwa Mdagaaba?" Ziem akawageukia watu. "Jamani, jambo hili si la mchezo."

Siku ya dawa alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Mwaka huo Apoka alifanya kazi kwa namna nyingine. Utani ulibaki, kwa maana bila utani asingekuwa Apoka. Lakini kabla ya kugusa fimbo yake alimwita Domitila asimame mbele ya foleni.

"Huyu si mtani wenu," aliwaambia. "Huyu ni dada yenu. Atakalosema ni la kweli."

Na Domitila akasema, kwa maneno yake mwenyewe, kama anayeelekeza namna ya kupika. Watakaowashwa wasiogope, ni minyoo inakufa. Waje zahanati kwa dawa ya mzio, wasinunue tu ovyo. Mwenye mimba asinywe dawa ya usubi hadi ajifungue, na aliyejifungua wiki hiyo angoje kidogo. Mtoto asiyefika alama ya kwanza ya fimbo angoje akue. Aliye mgonjwa sana aseme. Watu walimsikiliza kwa kimya kama cha kanisani. Gervasi aliuliza swali, akajibiwa. Domitila alijishangaa.

Ziem akapimwa, akameza, akarudi nyumbani na mkewe.

Kesho yake asubuhi uso ukavimba. Mwasho ukaja, na homa kidogo. Ziem akakaa nje kwenye kigoda, mbele za watu wote, kama mtu anayesubiri hukumu.

Apoka akafika na mkoba wake. Akamtazama. Ziem alikuwa na mashavu kama vibuyu viwili vya marimba yake. Midomo ya Apoka ikacheza. Akaing'ata. Akatazama juu angani, akavuta pumzi.

"Nakusikia unapumua," alisema Ziem. "Hiyo ni pumzi ya kicheko?"

"Ni pumzi ya kazi," alisema Apoka, na sauti yake haikutikisika. Domitila aliona mishipa ya shingo imemsimama. Hakuwahi kumheshimu mtu kama alivyomheshimu Apoka asubuhi ile.

Apoka akampima homa, akamuuliza kama anapumua vizuri, akamsimamisha aone kama ana kizunguzungu. Kisha akampa kidonge cha dawa ya mzio na maji. Akampa na dawa ya homa. Vidonge vingine akamkabidhi Domitila, akamweleza vipi na wakati gani.

"Dawa hii ya mzio inaleta usingizi," alisema. "Leo usipande juu ya paa. Usiendeshe pikipiki. Usishike tezo ya kuchongea. Na pito usiguse."

"Pito nisiguse? Kwenye nyumba ya pito?"

"Pombe na dawa hii vikikutana vitakulaza chini kama gunia. Acha hadi umalize vidonge. Na usimgawie mtu vidonge vyako. Cha mtu mzima si cha mtoto." Akamgeukia Domitila. "Akipumua kwa shida, akizimia, au akisema maneno yasiyoeleweka, usingoje. Mlete mbio, hata kama ni usiku."

Hayo hayakutokea. Kilichotokea ni kwamba Ziem alilala. Alilala na tonge la ugali mkononi, mlenda wa bamia ukimtiririka hadi kwenye kiwiko. Domitila akalitoa tonge vidoleni, akamfunika. Alisikiliza. Kwa miaka mingi, usingizi wa mumewe ulikuwa na sauti ya kucha kwenye ngozi. Sasa hakusikia kitu ila pumzi zake. Akaketi karibu naye akisikiliza kimya kile, akafurahi peke yake.

Uvimbe ulishuka baada ya siku mbili tatu. Ziem alitoka ndani, akanyoosha mikono, akaipitia nguzo yake bila kuigusa. Siku ya soko iliyofuata alikwenda hospitali ya wilaya kupimwa macho. Daktari alimwambia lile lile alilosema Apoka: amewahi, na asikose zamu hata moja.

Hakukosa. Zamu iliyofuata aliwashwa kidogo tu mikononi, kidonge kimoja kikatosha. Iliyofuata hiyo hakuwashwa kabisa, na dawa ya mzio hakuihitaji. Ukungu haukuondoka wote, lakini uliacha kumfuata. Aliweza tena kubandika utando wa buibui juu ya tundu lake. Madoadoa ya miguu yalibaki. Ziem alisema hayo ni ya kumkumbusha.

Na uvimbe ule, Apoka hakuucheka. Watu walimchokoza, Gervasi hasa. "Apoka, hebu tuonyeshe Ziem alivyokuwa." Apoka akakaza midomo, akasema ana kazi.

Kisha, mavuno yalipokwisha, akafariki bibi mmoja mkubwa wa Tangzu, mwenye wajukuu wasiohesabika. Ulikuwa msiba wa heshima, msiba wa mtu aliyeishi akashiba. Ziem akaitwa kupiga. Alikaa mbele ya marimba yake mapya, na yakalia mpaka watu wa ng'ambo ya mto wakavuka. Domitila alisimama na wanawake, akatazama mikono ile, akaona fahari.

Katika misiba kama hiyo watani huja kuvuruga majonzi. Ni haki yao. Mfrafra mmoja alikwishavaa kilemba cha marehemu, akidai urithi. Ndipo upande wa pili wa uwanja, mbali, nyuma ya watu wote, akatokea mwanamke mfupi. Mashavu aliyajaza vitambaa hadi yakatuna. Mkononi alishika gunzi. Akaenda kwenye mti, akaanza kujisugua mgongo.

Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Domitila hakucheka. Alimgeukia mumewe haraka.

Ziem aliinua kichwa. Mikono yake haikuacha kupiga. Akatazama ng'ambo ya uwanja, juu ya vichwa vya watu, akakaza macho mara moja tu.

"Apoka!" alipaza sauti. "Nakuona!"

"Unaona nini wewe?" alijibu Apoka, maneno yakikwama kwenye vitambaa.

"Naona mashavu. Naona gunzi langu. Na naona meno yako, mtumwa wangu. Unacheka! Lete mbwa!"

Apoka akatema vitambaa, akakaa chini mavumbini, akacheka kicheko alichokuwa amekifunga muda wote ule. Domitila akajua kwamba mwanamke yule alikuwa amechagua kushindwa, ili apate kusikia neno moja: nakuona. Akafunika uso kwa kanga. Walio karibu naye walidhani anamlilia marehemu.

Asubuhi yake Apoka alileta mbwa, amemfunga kamba shingoni. Ziem akamfunga kwenye ile nguzo ya mlango iliyong'aa. Siku hizi anayejikuna hapo ni mbwa peke yake.